Utosi wa mwanangu umefunga ana miezi mitano, naombeni ushauri

Baba K: Wakuu, habari za jioni. Mwanangu wa kiume ana miezi mitano. Juzi mama yangu akimpaka mafuta akasema utosi hausikiki, umeshakuwa mfupa. Nasikia ukifunga mapema ubongo haukui. Ananyonya na kucheka vizuri. Kuna dawa ya kuufungua?

Mama Wawili: Pole mkuu. Wangu wa pili ulifunga ana miezi sita, leo yuko darasa la tano na hesabu anawapita wenzake. Vita yangu ilikuwa na mama mkwe na dawa yake ya utosi. Nilimkatalia, tukanuniana mwaka mzima.

Mkongwe: Vijana mnazaa bila wazee. Zamani mzazi hatoki ndani siku arobaini, nani alisikia mambo haya?

Nesi Mstaafu: Utosi wa mbele kwa wengi hufunga kati ya miezi 9 na 18. Wapo wanaowahi na ni wazima, maana fuvu hupanukia kwenye maungio ya mifupa, na ubongo ndio unaoyasukuma. Kadi inasema mzingo wa kichwa ni ngapi?

Baba K: Kadi anayo mama yake.

Nesi Mstaafu: Mwulize.

Baba K: Miezi mitatu sentimita 40. Sasa 40.5.

Nesi Mstaafu: Alipaswa kuongeza kama 2. Kliniki walisema nini?

Baba K: Waliandika rufaa, wiki tatu zilizopita. Msinihukumu, bima sina. Kuna mzee Handeni anafungua tosi, mtoto wa jirani alipona kwake. Tiketi nimeshakata.

Dogo Janja 7: Chai hii! Mara bibi kagundua juzi, mara rufaa wiki tatu. Na mwaka juzi si wewe uliyeleta uzi wa kutafuta mchumba humu?

Mkongwe: Kumbe! Tunapotezewa muda.

Mama Wawili: Na mimi nimeshamwaga siri za mama mkwe.

Baba K: Mchumba nilimpata, ndiye mama yake. Rufaa niliificha, hata mama yangu hajui. Niliogopa neno upasuaji.

Nesi Mstaafu: Kichwa kisipokua, huenda maungio yameshikana, au ubongo wenyewe haukui na mifupa ikafuata. Dawa ya kupaka haifiki kwenye lolote kati ya hayo. Maungio yakiwa ndiyo tatizo, upasuaji kwa kawaida hufanywa kabla ya mwaka mmoja, kwa hiyo miezi hii ina thamani. Pale Muhimbili, MOI, taasisi ya mifupa na ubongo, wana mabingwa wa vichwa vya watoto. Bima isikuzuie, ukifika ulizia ustawi wa jamii. Sasa pitisha kidole taratibu toka kwenye paji hadi kisogoni. Kuna tuta gumu?

Baba K: Amelala. Nimepitisha.

Baba K: Lipo.

Baba K: Asubuhi nakwenda stendi kubadilisha tiketi, iwe ya Dar.