Mnatuuzia bakuli, mnatuachia uvundo: vyoo vya boti za zamani

Wakuu, nimevumilia vya kutosha. Leo nasema.

Nakarabati boti ya matanga ya zamani, ya faibaglasi, ambayo chumba chake cha choo hata kugeukia humo ni kazi. Nimeng'oa kila kitu, limebaki ganda tupu. Nimeulizia mfumo wa choo kwa wauzaji na kwa mafundi, na wote wanaanzia palepale: bakuli. La kupampu kwa mkono au la umeme? La kauri au la plastiki? Kubwa au dogo? Hakuna aliyeniuliza tangi la maji taka litakaa wapi, mipira ya kupitishia maji itapita wapi, bomba la hewa litatokea wapi, wala kama choo kitakaa juu au chini ya mstari wa maji, yaani pale maji ya nje yanapofikia ubavuni mwa boti. Halafu boti ikianza kunuka, mwenye boti anaambiwa "boti za zamani ndivyo zilivyo". Si kweli! Boti hainuki kwa sababu ya umri. Inanuka kwa sababu ya vitu ambavyo muuzaji hakutaka kuvizungumzia.

Tuanze na mipira, maana hapo ndipo ninapodhulumiwa kila siku. Mpira wa maji taka wa bei rahisi hupitisha harufu kwenye ukuta wake wenyewe, hata kama hauvuji tone. Kujua ni rahisi: loweka kitambaa safi kwenye maji ya moto, kizungushie mpira uliokwishatumika, kiache kipoe, kisha kinuse. Kikinuka choo, mpira huo umekwisha, na hakuna dawa ya kumimina kwenye bakuli itakayousaidia. Mimi niliagiza mpira wa maji taka, duka likanifungia mpira mwembamba wa mbavumbavu wa kutolea maji ya ngama, yale yanayojikusanya chini kabisa ya boti. Nilipourudisha nikajibiwa kwamba "yote ni maji". Sivyo. Mpira wa kazi hii una ukuta mnene, ndani ni laini, na kipenyo chake cha ndani kwa njia ya kutolea huwa kama milimita 38. Tena upitishwe kwa mteremko. Ukilegea katikati ukafanya tumbo, mkojo unatuama humo siku zote, unagandisha chokaa inayoziba njia, na harufu inaanza kupenya taratibu.

Tangi nalo. Watu wananiambia tangi la plastiki litanuka, niweke la chuma. Mkojo hula chuma, na alumini pia, hasa kwenye maungio ya kuchomelea, kwa hiyo mimi nachagua plastiki nene bila kusitasita. Kinacholeta uvundo ni kukosa hewa. Ndani ya tangi kuna bakteria wanaohitaji oksijeni na wengine wasioihitaji. Hewa ikiingia vizuri, wale wa kwanza hufanya kazi bila harufu kali. Hewa ikizibwa, wale wa pili hutamalaki na kutoa haidrojeni salfaidi, ile gesi ya yai viza. Sasa fundi anakuwekea kimpira cha hewa cha milimita 16, kirefu, chenye kona tatu, mwishoni kichujio cha mkaa kinachobana hata ile hewa kidogo iliyobaki. Kisha anakuuzia dawa ya kuondoa harufu. Weka bomba la hewa la milimita 25 au zaidi, fupi na lililonyooka, uone kama utaihitaji hiyo dawa.

Ukubwa hakuna anayekupigia hesabu. Choo cha mkono kikitumia lita 3 kwa kila safari ya chooni, watu wawili wanaokwenda mara tano kila mmoja kwa siku wanajaza lita 30. Tangi la lita 60 limekwisha kwa siku mbili. Na lita 60 ni zaidi ya kilo 60 zinazokaa upande mmoja wa boti ndogo. Hili lilipaswa kuwa swali la kwanza dukani.

Harufu ya asubuhi, ile ya ukipampu mara ya kwanza, mara nyingi haitoki kwenye tangi kabisa. Ni vijidudu vya maji ya bahari vilivyokufa ndani ya mpira wa kuingizia maji. Suuza kwa maji yasiyo na chumvi kabla ya kuondoka kwenye boti, basi. Ila usiunganishe choo moja kwa moja na mfumo wa maji ya kunywa. Kuna fundi alinipendekezea hivyo bila aibu.

Linalonitia hasira kuliko yote ni usalama. Boti hujaa maji na kuzama kwa njia ya choo, zikiwa zimefungwa zimetulia, hakuna mtu ndani. Bakuli likiwa chini ya mstari wa maji na vali ikashindwa kufunga kwa uchafu kidogo tu, bahari inafyonzwa kuingia ndani na haikomi. Ndiyo maana mpira unapaswa kupanda juu ukafanya upinde wenye kivali cha kuingiza hewa, na upinde huo ubaki juu ya maji hata boti ya matanga inapolalia upande. Fundi niliyemwita akauficha upinde nyuma ya bakuli, shubiri moja juu ya ukingo wake, ili "usionekane vibaya". Usionekane vibaya! Boti ikilala kidogo tu, upinde uko chini ya maji. Na koki ya kwenye ganda akataka kuweka ya shaba ya njano ya kawaida ya bomba la nyumbani, ambayo zinki yake huliwa na maji ya chumvi hadi inabaki nyekundu na dhaifu, ya kukatika mkononi. Inatakiwa shaba nyeusi (bronzi), au plastiki ngumu iliyotengenezwa kwa kazi ya baharini. Hapo unazungumzia tundu lililo chini ya maji!

Wauzaji wa vyoo vya umeme nao watujibu. Choo cha volti 12 kinachosaga kinyesi kinaweza kuvuta ampea 15 hadi 20 kinapofanya kazi. Kwenye boti yenye nyaya nyembamba za zamani volti inashuka njiani, mota ya choo inazunguka kichovu, kinaziba. Bei ya waya mpya mnene haitajwi mpaka ukishalipa.

Na yule aliyeniambia "tangi la nini, ukifika maili 12 kutoka pwani utamwaga tu baharini" ajue kwamba zile maili 12 anazozitaja zinatoka kwenye Kiambatisho cha Nne cha MARPOL, mkataba wa kimataifa wa kuzuia meli kuchafua bahari; kiambatisho hicho kinahusu meli za safari za kimataifa za tani 400 na kuendelea, au zilizoidhinishwa kubeba watu zaidi ya 15. Boti yangu inafuata sheria za nchi ambayo maji yake ninapita. Marekani, kwa mfano, ndani ya maili 3 kumwaga kinyesi kisichosafishwa ni marufuku, na vali ya kumwagia nje lazima iwe imefungwa kwa namna ya kuaminika. Na kuna watu wanaogelea pale tunapotia nanga.

Kwa boti ndogo ya zamani mimi naegemea choo kikavu cha kutenganisha mkojo na kinyesi. Hakina tundu kwenye ganda, hakina mpira wa maji taka, kinatumia vumbi la makumbi na feni ndogo. Lakini hata hapa mnaficha: mtu mmoja hutoa kama lita 1.5 za mkojo kwa siku, kwa hiyo chombo cha lita 8 kwa watu wawili hakimalizi siku ya tatu. Semeni hivyo! Na choo cha kubebeka, ambacho wauzaji wanakitazama kwa dharau, kwa anayetoka wikendi tu ni jibu halali kabisa.

Kabla sijaamua, nataka kusikia waliofunga, si wanaouza. Mlioweka tangi chini ya kitanda cha omo, yaani mbele ya boti, leteni vipimo: lita ngapi, mmelifunga vipi lisisogee kwenye mawimbi, na likijaa omo inazama kiasi gani? Mnaotumia choo kikavu na familia, mkojo mnaumwaga wapi, na boti ikilala upande unabaki mahali pake? Wa kuniambia "nunua tu cha umeme" tafadhali apite.