Katuni ya 16mm imegeuka waridi, na programu ya kusafisha inafuta mistari ya mchoro

mchoro_hai
Wakuu, habari zenu. Nina rili ya 16mm, katuni ya dakika 7, nakala iliyochapishwa kwenye Eastmancolor (filamu ya rangi ya Kodak). Yote imekuwa waridi, na kopo likifunguliwa linanuka siki. Kipande cha majaribio kimeskaniwa, lakini nikiwasha usafishaji wa vumbi wa moja kwa moja, mikono ya wahusika inakatika na mistari ya mwendo inapotea. Nianzie wapi?

kopo_baridi
Anza na filamu yenyewe, programu ingoje. Hiyo harufu ni asidi ya asetiki: msingi wa asetati, yaani plastiki inayobeba picha, unaoza, na asidi inayotoka inaharakisha uozo. Hakuna dawa ya kuurudisha, ila baridi na ukavu huuchelewesha. Itenge na rili nyingine, na usiifungie kwenye kopo lisilopitisha hewa.

Kisha pima kusinyaa. Fremu 100 za nakala iliyochapishwa ya 16mm zinatakiwa kuwa na urefu wa milimita 762. Ukipata 754 au pungufu, imepita asilimia 1, na meno ya projekta yatachana matundu ya ukingoni mwa filamu. Tafuta skana inayovuta filamu kwa roli zisizo na meno. (Ingekuwa 35mm ya kabla ya miaka ya 1950, kwanza ungesoma ukingoni kama imeandikwa NITRATE. Hiyo ikishika moto, maji hayaizimi.)

Skani kwa 2K (upana wa pikseli 2048), biti 10, logi (mpangilio unaotunza maelezo ya giza na mwanga), pamoja na kingo na njia ya sauti. Dakika 7 ni fremu 10,080. Kwa DPX (faili moja ya picha kwa kila fremu) za 2048×1556 ni kama GB 128. Tunza nakala ya FFV1 (mbano wa video) ndani ya faili la Matroska, haipotezi kitu, na kazi zote ufanyie kwenye nakala nyingine.

fremu24
Kuhusu mistari: programu hulinganisha kila fremu na jirani zake, na kinachotokea mara moja tu inakiita uchafu. Mkono wa katuni unaorushwa kwa kasi nao hukaa mahali pamoja kwa fremu moja tu, kwa hiyo unafutwa. Kupunguza nguvu ya kichujio hakutibu hilo.

Tuliza mtikisiko kwanza. Tumia kona ya mandhari ya nyuma kama alama ya kutulizia, si matundu, maana sehemu ya mtikisiko ilichapishwa ndani ya picha. Ila kitu kizito kikianguka na skrini nzima ikatetemeka, hiyo ni kazi ya mchoraji, usiiguse.

Halafu kata shoti kwa shoti. Michoro mingi hushikiliwa kwa fremu mbili mbili, yaani michoro 12 kwa sekunde. Linganisha jozi: doa lililo kwenye fremu moja tu ndilo la kuondoa. Kamera ikisafiri pembeni mbinu hii inavunjika, kwa sababu mandhari husogea kila fremu hata mhusika akiwa ametulia. Shoti hizo, na za mbio zenye mchoro mpya kila fremu, safisha kwa mkono. Inachosha, lakini njia ya mkato ndiyo iliyoharibu nakala nyingi za DVD.

Rangi: iliyopauka zaidi ni sayani (buluu-kijani, inayozuia mwanga mwekundu), ndiyo maana chaneli nyekundu haina kontrasti. Ongeza kontrasti kwa mkunjo (curve) wa chaneli hiyo peke yake, ukitumia weupe wa macho na glavu kama kipimo. Kuongeza ukolezi wa rangi zote kutakupa waridi kali zaidi.

mchoro_hai
Asanteni sana. Kuna vumbi linaloonekana kwenye fremu zote mbili za jozi, na madoa meupe ambayo hata kufuta filamu kwa kitambaa hakuyaondoi.

kopo_baridi
Madoa meupe ni uchafu uliokuwa kwenye negativi (filamu ya awali iliyochapishia nakala yako) wakati wa kuchapisha. Yamo ndani ya picha, acha kusugua. Uchafu wa juu ya nakala yako huonekana mweusi.

fremu24
Na hilo vumbi la jozi lilikuwa juu ya seli (karatasi angavu ya plastiki iliyochorwa mhusika) siku ya kupigwa picha. Mimi huliacha. Wengine hulitoa likiwa usoni pa mhusika, sigombani nao. Ninachogomba nacho ni kufuta chembechembe zote za filamu: alama za brashi kwenye mandhari hupotea na wino unabaki kama plastiki.