Kesi ya Akasha: polisi hugeuzaje taarifa za siri kuwa ushahidi?

Mdadisi wa Makadara

Wanajukwaa, salamu. Jina la Akasha, familia iliyohusishwa na biashara ya unga, yaani dawa za kulevya, lilikuwa midomoni mwa watu wa Mombasa tangu zama za baba wa familia hiyo, aliyepigwa risasi akafa Amsterdam mwaka 2000, na sidhani kuna kachero aliyefanya kazi Pwani ambaye hakuwahi kulisikia. Hata hivyo wanawe Baktash na Ibrahim walikuja kufungwa na mahakama ya New York: Baktash miaka 25, mwezi Agosti 2019, na Ibrahim miaka 23, mwezi Januari 2020. Ningependa kuelimishwa na wanaoijua kazi hii. Habari anazoletewa askari na wasiri wake hufanyiwa nini zikishapokelewa, na kwa nini mtu ambaye mtaa mzima unajua anauza unga hakamatwi siku hiyo hiyo?

Kanzu Mstaafu

Ndugu Mdadisi, hakamatwi kwa sababu linalojulikana na mtaa mzima halina mtu wa kulisimamia kizimbani.

Msiri anapoleta habari, mpelelezi makini hujiuliza kwanza amezipataje na anataka nini. Wasiri wengi wa unga ni watu wa humo humo: huyu anatafuta fedha, yule anataka kesi yake ilegezwe, mwingine anataka mshindani wake aondolewe sokoni, na huyo wa mwisho ndiye wa hatari zaidi kwa kuwa mara nyingi habari zake ni za kweli. Vikosi vilivyojipanga hupima mambo mawili mbalimbali, yaani uaminifu wa mtu kwa rekodi yake ya nyuma na uzito wa habari yenyewe, maana mwongo mzoefu anaweza kuleta habari sahihi na mkweli akaleta uvumi wa barazani. Msiri husajiliwa kwa namba badala ya jina, jalada lake hufungiwa mbali na jalada la kesi, hukutana na maofisa wawili wala si mmoja, na kila shilingi anayopewa husainiwa.

Habari ya maofisa wawili isichukuliwe kuwa urasimu. Kule Boston, John Connolly, ofisa wa FBI, idara ya upelelezi ya Marekani, alimtumia James "Whitey" Bulger kwa miaka mingi kama msiri dhidi ya mafia ya Kiitaliano, na mwisho ikawa msiri ndiye anayemtumia ofisa. Connolly alimdokezea kwamba anakaribia kushtakiwa, Bulger akatoroka mwishoni mwa 1994 na hakupatikana hadi 2011, na Connolly mwenyewe akaishia gerezani.

Habari ikishapimwa, kazi yake ni kuwaelekeza askari mahali pa kutafuta ushahidi utakaosimama bila kumtaja msiri. Katika kesi hii, watu wa DEA, idara ya Marekani ya kupambana na dawa za kulevya, walijitambulisha kama wawakilishi wa genge la Kolombia linalotafuta heroini, huku simu na mikutano ikirekodiwa. Oktoba 2014 Ibrahim alikabidhi sampuli ya kilo 1 jijini Nairobi. Askari mwenye pupa angeruka hapo hapo na pingu, naye angempata mletaji mmoja na kilo moja. Walivuta subira hadi mapema Novemba, zilipokabidhiwa kilo 98 nyingine, ndipo wakakamatwa watu wanne Mombasa: ndugu hao wawili, Vijaygiri Goswami wa India na Gulam Hussein wa Pakistani.

Wakili wa Pwani

Mzee Kanzu ameeleza vizuri, ila amelikwepa swali gumu la kwa nini mambo hayakumalizikia Kenya. Sheria zipo. Kifungu cha 133 cha Sheria ya Ushahidi ya Kenya kinamlinda askari asilazimishwe kusema habari za kosa alizipata wapi. Kifungu cha 106B kinaruhusu rekodi za kielektroniki, mradi ziambatane na hati ya uthibitisho. Ibara ya 50(4) ya Katiba nayo inataka ushahidi uliopatikana kwa kuvunja haki za mtu uondolewe, iwapo kuupokea kutaharibu haki ya kesi.

Palipovuja ni kwa wanadamu. Waendesha mashtaka wa Marekani walieleza kwamba baada ya kukamatwa, ndugu hao waliwahonga majaji, waendesha mashtaka na polisi ili wasipelekwe New York, na shauri la kuwahamisha likaburutwa zaidi ya miaka miwili huku wakiwa nje kwa dhamana. Januari 2017 serikali ikawakabidhi kwa Wamarekani kabla shauri hilo halijaisha, jambo ambalo mimi kama wakili silifurahii hata kidogo, ijapokuwa mnamo Oktoba 2018 walikiri makosa yao.

Hatuna budi pia kusema ukweli kuhusu vielelezo. Agosti 2014, meli ya Amin Darya, iliyokamatwa ikiwa na heroini, ililipuliwa baharini kwa amri ya Rais Kenyatta. Picha zilivutia kwenye televisheni, lakini wakili gani wa utetezi asingeshukuru kwa kielelezo kilichozamishwa na upande wa mashtaka wenyewe?

Mdadisi wa Makadara

Ahsanteni nyote. Lakini Wakili, askari anapojifanya mnunuzi, je, hajamshawishi mtu kutenda kosa ambalo asingelitenda?

Wakili wa Pwani

Inategemea wazo la kutenda kosa lilitoka kwa nani. Askari akimbembeleza kijana asiye na mzigo, akamtafutia hata muuzaji, huyo askari ndiye aliyelizalisha kosa. Mtu anayeweza kuleta kilo 98 mwezi mmoja baada ya sampuli alikuwa na biashara yake kabla mnunuzi hajabisha hodi.

Shangazi wa Tanga

Huku Tanzania Sheria Na. 5 ya 2015 ilituletea Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, yenye uwezo wa kupeleleza na kukamata. Hata hivyo, mtaani kwetu msako ukipita, wanaopandishwa kwenye karandinga ni mateja wenye kete mbili tatu, na wanaowauzia wanatazama kutoka kibarazani. Mtu akiwa na habari za hao wa kibarazani azipeleke wapi, asije akasikia kesho jina lake linatajwa kijiweni?

Kanzu Mstaafu

Shangazi, misako hiyo huletwa na makamanda wanaopimwa kwa idadi ya waliokamatwa, kwani mateja kumi huonekana kazi kubwa kuliko mpelelezi aliyekaa miezi sita akimfuatilia tajiri mmoja. Teja ana faida yake akiulizwa kwa utulivu kete amezinunua kwa nani, lakini akishafikishwa mahakamani kesho yake hakuna tena wa kumuuliza.

Kuhusu habari ulizo nazo, usizitoe kaunta. Ya kaunta huandikwa kwenye kitabu ambacho kila zamu inakisoma. Omba kuonana na mkuu wa upelelezi wa wilaya peke yake, na kabla hujamwambia lolote mwulize jina lako litaandikwa wapi na nani mwingine atalisoma. Akijibu kwa kubabaisha, muage kwa heshima, kisha uende makao ya mkoa au kwenye Mamlaka yenyewe.