Naomba ushauri: seva inatoa 502 jioni
Habari zenu wakuu. Nasimamia seva ya wakala wa nyumba za wageni hapa Nyali: Ubuntu, Nginx (inayopokea maombi ya vivinjari) na PHP-FPM (inayoendesha kodi ya PHP ya tovuti), ramu GB 2. Asubuhi shwari. Jioni watu wakianza kutafuta vyumba, tovuti inatoa 502 (kosa la Nginx kutopata jibu sahihi kutoka programu iliyo nyuma yake) na mteja aliyeshafika kwenye malipo anatupotea. Hilo linaniuma sana.

Logi ya Nginx inaonyesha kosa 11 ("Resource temporarily unavailable") kwenye soketi ya PHP-FPM, yaani njia inayoiunganisha na Nginx. Ya FPM inalalamika pm.max_children (kikomo cha michakato ya PHP kwa wakati mmoja) imefika 5, kiwango ilichokuja nacho. Nikiiwasha upya inatulia kidogo, kisha yale yale. Diski ina nafasi, hifadhidata ya MySQL iko hai.

Kila mchakato wa PHP unakula kama MB 60 za ramu. Nipandishe hadi ngapi, ikiwa MySQL imo humo humo? Na nitajuaje kama kuna hoja (query) nzito ya hifadhidata inayoshikilia michakato?