Vitabu vya likizo ya kiangazi kwa watoto wa shule ya kati

Kutoka: mama wa mwanafunzi anayeingia darasa la saba

Ndugu wanajumuiya, salaam.

Shule ya binti yangu inafunga wiki hii, naye amekuja nyumbani na karatasi yenye orodha ya vitabu. Mwalimu ameandika kwamba kimoja ni cha lazima na kiandikiwe maelezo ya ukurasa mmoja, na kwamba vilivyobaki ni hiari. Sikijui hata kimoja kati ya hivyo. Karatasi ina namba ya Lexile, 925L, ambayo sielewi niichukulieje, na tulipokwenda maktaba ya umma tulielekezwa kwenye rafu mbili tofauti, moja ya watoto na nyingine ya vijana, bila ya mtu kutueleza mwenye miaka 12 ni wa wapi. Binti mwenyewe alikwenda moja kwa moja kwenye vitabu vya michoro.

Naomba wenye uzoefu wa shule za hapa Marekani mnisaidie. Je, nimchagulie mimi au nimwachie achague? Na nitajuaje kwamba kitabu hakina mambo yasiyolingana na umri wake, ilhali sina nafasi ya kusoma kurasa mia tatu kabla yake?

Natanguliza shukrani.

* * *

Kutoka: msaidizi wa maktaba ya shule

Dada yangu, salaam na pole kwa heka heka za kufunga shule. Nafanya kazi katika maktaba ya shule ya kati, yaani darasa la sita hadi la nane, na maswali yako ndiyo ninayoulizwa na wazazi kila mwezi wa Juni, kwa hiyo uniwie radhi nikijibu kwa kirefu.

Kwanza kitenge kile kitabu cha lazima na vingine vyote. Cha lazima ni kazi ya shule na kina ratiba yake: kiazime mapema, kwa sababu darasa zima litakuwa linakitafuta katika maktaba ile ile, lakini usimhimize akimalize wiki ya kwanza ya likizo. Akikisoma mwishoni mwa Julai, ataandika maelezo yake akiwa bado anawakumbuka wahusika. Kikishapangiwa muda wake, kiondoe mezani, kwa maana wazazi wengi huichukua orodha nzima kama mtihani na likizo ikageuka muhula wa tatu.

Kuhusu nani achague, msimamo wangu ni kwamba mzazi akusanye rundo na mtoto achague ndani yake. Rundo liwe kubwa kuliko atakavyoweza kusoma, hata vitabu kumi na tano, kwa kuwa maktaba inaazima bure na hakuna hasara kitabu kikirudishwa bila kufunguliwa. Watafiti wawili wa hapa, Richard Allington na Anne McGill-Franzen, walichapisha mwaka 2010 utafiti wao juu ya watoto wa familia zenye kipato cha chini ambao walipewa vitabu 12 vya kujichagulia kila kiangazi kwa miaka mitatu mfululizo. Watoto hao walifanya vizuri zaidi katika mitihani ya kusoma kuliko wenzao ambao hawakupewa. Walikuwa wadogo kuliko binti yako, wa shule ya msingi, na vitabu vingi walivyovichagua vilihusu waimbaji, wachezaji na wahusika wa televisheni, vitu ambavyo mwalimu asingeviweka kwenye orodha. Nililolichukua mimi ni kwamba mtoto anahitaji vitabu vilivyo karibu naye na uhuru wa kukataa kimoja akachukua kingine. Mkubalie aache kitabu kisichomvuta baada ya sura mbili au tatu. Sisi tuliolelewa kumaliza kilichopakuliwa tunaona vigumu kulikubali hilo, lakini mtoto aliyekwama katika kitabu kimoja tangu Juni kwa kawaida hafungui kingine hadi Septemba.

Sasa namba ya Lexile, yaani kipimo cha ugumu wa maandishi. Kipimo hicho kinaangalia urefu wa sentensi na jinsi maneno yake yanavyotumika mara kwa mara au kwa nadra, basi. Hakijui kitabu kinazungumzia nini. Riwaya ya John Steinbeck juu ya wakulima waliofukuzwa mashambani, “The Grapes of Wrath”, ambayo ni ya watu wazima kwa kila hali, ina 680L kwa sababu wahusika wake wanazungumza kwa sentensi fupi; wakati huo huo “Diary of a Wimpy Kid”, kitabu cha vichekesho ambacho watoto wa darasa la nne wanakimaliza kwa siku moja, kimepewa 950L. Kwa namba peke yake, binti yako mwenye 925L angeonekana amekwisha kumpita Steinbeck huku akimhangaikia yule mtoto wa vichekesho. Kwa hiyo namba hiyo itumie pale tu unapokuwa na shaka kubwa, na usimkataze kitabu eti kiko chini ya kiwango chake. Herufi zinazotangulia namba zina manufaa kuliko namba yenyewe: GN ni riwaya ya michoro, na HL ni kitabu chenye lugha nyepesi lakini maudhui ya wakubwa kidogo, ambacho ni msaada mkubwa kwa mtoto aliyewasili karibuni na ambaye Kiingereza chake hakijafikia akili yake.

Kipimo ninachokiamini zaidi ni hiki: mtoto afungue kitabu katikati, asome kurasa tatu kwa utulivu, kisha akusimulie kwa Kiswahili kinachoendelea. Akisimulia kwa kubabaika kidogo, kitabu kinamfaa. Akishindwa kabisa, kiwekwe mwakani. Na utapata Kiswahili chake pia, jambo ambalo karatasi ya mwalimu haikuliomba.

Rafu mbili ulizoziona ndizo chanzo cha matatizo mengi katika umri huu. Wachapishaji wanavigawa vitabu hivi katika mafungu mawili: la kwanza ni la miaka 8 hadi 12, na mgongoni mwa vitabu vyake maktaba nyingi hubandika herufi J, la pili ni la miaka 12 hadi 18, na vitabu vyake hubandikwa YA, yaani “young adult”, vijana. Mtoto wa shule ya kati yuko mlangoni kati ya vyumba hivyo viwili. Katika fungu la J mhusika mkuu huwa na miaka kumi au kumi na miwili, na shida zake ni za nyumbani, za shule na za urafiki. Katika YA mhusika huwa na miaka kumi na sita au kumi na saba, na humo ndimo yanamoanza mapenzi, matusi, dawa za kulevya na ukatili unaoelezwa waziwazi. Kwa anayeingia darasa la saba ningejaza rundo kutoka J na kuongeza vichache vya YA ambavyo umevichunguza; kwa wa darasa la nane ningegeuza uwiano huo.

Kuvichunguza si lazima usome kurasa mia tatu. Tovuti ya Common Sense Media inaeleza kitabu kimoja kimoja kina nini katika lugha, ukatili na mapenzi, na inapendekeza umri. Umri wanaoupendekeza si hukumu, lakini maelezo yao ni ya wazi. Mkutubi wa watoto naye ndiyo kazi yake: mwambie bila kuona haya, “Nataka kitabu cha kusisimua kisicho na mambo ya mapenzi,” atakuletea vitano. Ningeomba tu tusichanganye kitabu kigumu na kitabu kibaya. Kifo cha mzazi, talaka, ubaguzi shuleni, ukimbizi, haya yote yamo katika vitabu vya umri huu, na mtoto wetu mara nyingi ameshayaona au ameyasikia mezani. Kitabu chenye huzuni usikikwepe. Kisome sambamba naye ili awe na wa kuzungumza naye.

Nije kwenye Afrika, maana najua swali hilo litafuata. Tuzo za Children's Africana Book Awards, zilizoanza mwaka 1991, hutolewa kwa vitabu vya watoto juu ya Afrika vinavyochapishwa au kusambazwa hapa Marekani, na orodha ya washindi ni mahali pazuri pa kuanzia. Kwa umri wa binti yako, “When Stars Are Scattered” cha mwaka 2020 ni riwaya ya michoro iliyotoka katika maisha ya Omar Mohamed mwenyewe, Msomali aliyekulia kambi ya wakimbizi ya Dadaab nchini Kenya pamoja na mdogo wake. “The Boy Who Harnessed the Wind”, habari ya William Kamkwamba wa Malawi aliyetengeneza kinu cha upepo kutokana na vyuma chakavu, kina toleo la wasomaji vijana. Hakikisha unaazima hilo na si lile la watu wazima. “A Long Walk to Water”, kinachohusu Sudan Kusini, ni kizuri lakini muulize kwanza kama ameshakisoma, kwa sababu shule nyingi hukisomesha darasani.

Hata hivyo angalia jambo moja: vyote vitatu vina njaa au vita ndani yake. Orodha za shule zinapotaka Afrika mara nyingi huleta dhiki ya Afrika, na mtoto aliyezaliwa hapa anaweza kuona kwamba bara la wazazi wake halina kingine. Lazima rundo liwe na mtoto Mwafrika anayecheka, anayepeleleza wizi, anayeruka angani. “Akata Witch” cha Nnedi Okorafor, chenye msichana wa miaka 12 anayeishi Nigeria baada ya kuzaliwa New York, kinafanya kazi hiyo, ingawa ni cha uchawi tangu jalada hadi mwisho na najua nyumba ambazo hakitaingia. Katika hilo kila mzazi ana haki yake.

Kwa Kiswahili, vitabu vingi vinavyopatikana mtandaoni bila malipo ni vya watoto wadogo. Kwa mwenye miaka 12 ningependekeza “Siku Njema” ya Ken Walibora, iliyotoka mwaka 1996, ambamo kijana Kongowea anasafiri kutoka Tanga kwenda Kenya kumtafuta baba yake. Mtoto wa huku hataiweza peke yake. Msomeeni kwa sauti, sura moja kwa jioni, na mkichoka mpumzike.

* * *

Kutoka: baba wa watoto watatu

Mwalimu, shukrani kwa maelezo haya, nimeyahifadhi. Ila naomba unipinge au unikubalie: hivi vitabu vya michoro tunaviita kusoma kweli? Mwanangu wa darasa la sita alimaliza vinane kiangazi kilichopita, kila kimoja kwa saa moja, na Septemba alipopewa riwaya ya kawaida alilalamika kwamba haina picha. Nimeamua mwaka huu visiingie nyumbani.

* * *

Kutoka: msaidizi wa maktaba ya shule

Kaka, nakupinga kwa sehemu na kukukubalia kwa sehemu.

Medali ya Newbery, ambayo Chama cha Maktaba cha Marekani kimekuwa kikiitoa tangu 1922 kwa kitabu bora cha watoto, mwaka 2020 ilikwenda kwa “New Kid” cha Jerry Craft, riwaya ya michoro juu ya kijana mweusi anayepelekwa shule ya kulipia yenye wachache wanaofanana naye. Ilikuwa mara ya kwanza kwa kitabu cha aina hiyo kushinda. Kamati haikumpa kwa kumhurumia: msomaji wa kitabu hicho analazimika kuoanisha maneno na sura za watu, kuelewa kejeli ambayo haikuandikwa, na kujaza yaliyoachwa kati ya kisanduku kimoja na kingine. Huko ni kusoma.

Ninalolikubali ni kwamba stahamala ya kukaa na kurasa nyingi za maandishi matupu haijengwi na vitabu hivyo. Lakini kuvipiga marufuku kunamwondolea kijana kitu pekee anachokifungua kwa hiari, na sijaona mtoto aliyenyang'anywa vibonzo akakimbilia riwaya. Vitumie kama daraja. Mwulize katika vile vinane alirudia kipi, kisha mtafutie riwaya yenye jambo lile lile: kama alirudia cha mpira, yupo Kwame Alexander, ambaye “The Crossover” chake, cha vijana pacha wanaocheza mpira wa kikapu, kimeandikwa kishairi, mistari mifupi na nafasi nyeupe tele, kwa hiyo ukurasa haumtishi. Baada ya hicho mpe mfululizo, kwa maana ugumu wa riwaya uko katika kurasa thelathini za mwanzo, za kuwajua watu na mahali, na kitabu cha pili katika mfululizo hakina ugumu huo.

Vitabu vya kusikiliza navyo msivisahau, hasa kwa safari ndefu za gari. Programu ya Libby inaazimisha hivyo na vya kusoma kwenye simu kwa kadi ya maktaba yako, ila vinavyopendwa vina foleni ya wiki kadhaa, kwa hiyo jiandikishe kwenye foleni za vile vya Agosti sasa hivi.

Na wewe dada uliyeanzisha mazungumzo: ikiwa kile kitabu cha lazima kina jambo ambalo nyumba yako hailikubali, mwandikie mwalimu wiki hii ukiomba kingine badala yake. Walimu wengi hukubali bila ubishi, lakini wakishafunga hawafungui barua pepe za shule hadi katikati ya Agosti.