Mjadala: Nani amwambie mfanyakazi kwamba ananuka jasho?

MLETA HOJA: Wizara ya Utumishi wa Umma ya Uganda ilipotoa waraka wa mavazi mwaka 2017, ilieleza hadi rangi za nywele na urefu wa kucha, ikapiga marufuku sketi zinazoishia juu ya goti na blauzi zisizo na mikono. Tulibishana sana kuhusu sketi. Kinachowashinda wasimamizi wengi, hata hivyo, ni kumkabili mtu mzima kuhusu kikwapa chake, na kwa kuwa wanaona haya, kazi hiyo huachiwa ofisi nzima: mmoja hufungua dirisha kila mhusika anapoingia, mwingine humwekea mezani kipande cha sabuni kilichofungwa kwenye gazeti.

Msimamo wangu ni kwamba msimamizi aseme, tena faraghani, lakini asithubutu kufungua kinywa kabla mwajiri hajatimiza wajibu wake. Mpakuzi wa magunia kule Nakawa, Kampala, aliyepewa sare moja kwa wiki nzima, na ambaye bomba la chooni kwao halitoi maji, ataambiwa nini? Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamdai mwajiri mahali pa kunawia. Maji yakishapatikana, maneno machache yanatosha: “Ndugu yangu, nimekuita mimi mwenyewe ili usije ukalisikia kwa watu. Siku hizi unapokaribia tunasikia harufu ya jasho. Je, kuna jambo tunaloweza kukusaidia?” Kisha anyamaze asikilize. Asiulize kama mtu anaoga, kwa sababu jasho huanza kunuka pale bakteria wa ngozini wanapolivunjavunja, na yapo maradhi na dawa zinazobadilisha harufu ya mwili hata wa mtu anayeoga mara mbili kwa siku.

MCHANGIAJI, JINJA: Ndugu mleta hoja, hayo ni rahisi kuyaandika. Kijana wa miaka 28 atamwitaje mama wa makamo ya mama yake mzazi na kumtajia kikwapa? Watu wa Buganda wana ssenga, shangazi anayezungumza na binti mambo ya mwili, na sioni kwa nini ofisi isimtumie mama mtu mzima kwa kazi hiyo. Isitoshe, mazungumzo haya huanzia kwenye harufu yakaishia kwenye nguo za wanawake. Sheria ya Kupinga Ponografia, ambayo watu waliiita sheria ya sketi fupi, ilipotiwa saini mwaka 2014, wapo wanawake waliovuliwa nguo barabarani na makundi ya watu, na Mahakama ya Katiba ilibatilisha vifungu vyake muhimu mwaka 2021 madhara yakiwa yamekwisha kutokea.

MLETA HOJA: Kuhusu nguo nakubaliana nawe kabisa: harufu na sketi visiwekwe katika kikao kimoja. Kuhusu ssenga nasita, kwa kuwa ssenga ni wa ukoo, ilhali mama wa ofisini hula chakula cha mchana na wenzake, na siri hiyo huenda isifike jioni. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 humruhusu mfanyakazi anayekabiliwa na kufukuzwa kwa utovu wa nidhamu kuja na mtu aliyemchagua mwenyewe. Kikwapa si utovu wa nidhamu, lakini utaratibu huo ungefaa hapa pia: mhusika aulizwe kwanza kama angependa kuzungumza na mtu mwingine, na amtaje yeye. Akisema hapana, kijana wetu wa miaka 28 itambidi aseme mwenyewe, kwa heshima ile ile anayomwamkia nayo asubuhi.