Basari za wanasiasa ziunganishwe na mgao wa shule?

Wakenya wenzangu, Julai 2025 Waziri wa Fedha John Mbadi aliwaambia wabunge kwamba serikali haimudu tena mgao kamili, yaani pesa inazotuma shuleni kwa kila mwanafunzi, wa Sh22,244 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa sekondari ya umma; kinachofika ni kama Sh16,900. Baadaye wakubwa wengine serikalini wakasisitiza elimu ni ya bure kama kawaida. Bure ipi? Shule ya wanafunzi 600 hapo inakosa zaidi ya Sh3 milioni kwa mwaka. Walimu walioajiriwa na bodi wanakaa bila mshahara, anayeleta maharagwe anadai, na mwalimu mkuu anaanza kuwachangisha wazazi chinichini.

Wakati huohuo kuna basari, yaani misaada ya karo: za NG-CDF (mfuko wa maendeleo wa maeneo bunge), za kaunti, na za mwakilishi wa wanawake. Mama anapanga foleni kwa chifu agongewe muhuri, anatoa kopi ya cheti cha kuzaliwa na barua ya shule, anapeleka fomu, kisha anaambulia Sh3,000. Jirani asiyejuana na mtu hapati hata hizo. Msimamo wangu: pesa zote hizi ziingizwe kwenye mgao, zifuate kila mtoto shuleni kwake. Kifungu cha 53 cha Katiba kimempa elimu ya msingi ya bure. Haki ya mtoto haiombwi kwa fomu. Anayepinga alete hoja.

Mwalimu wa Kutwa: Ndugu, kuhusu foleni umesema kweli. Lakini mgao hutakiwa kuja asilimia 50 muhula wa kwanza, 30 wa pili na 20 wa tatu, na huchelewa kila mara. Ukiitia basari kwenye mfuko huohuo, Hazina ikikwama tunakosa zote mbili. Na yatima aliye bweni, mgao sawa kwa wote utamtosha?

Mwanzisha mada: Mwalimu, hapo kwa yatima umenishika. Watengewe fungu lao, na shule ndiyo ipendekeze majina, si ofisi ya mbunge. Kuhusu kuchelewa, mimi nataka sheria inayolazimisha pesa zitoke kabla shule hazijafunguliwa. Bila hiyo, hata mimi siungi mkono kuunganisha. Ila basari nazo huchelewa, na watoto hufukuzwa kwa kukosa karo cheki ikiwa bado haijaandikwa. Nyinyi mlio madarasani, muhula uliopita mgao uliwafikia wiki ya ngapi?